Doja Cat hajarudi popote

Tangu Doja Cat, rapa na mwimbaji wa Marekani, atoe Vie, albamu yake ya tano, tarehe 26 Septemba 2025, kuna kitenzi kimoja ambacho wachambuzi wa muziki wamekichosha: kurudi. Amerudi kwenye pop. Amerudi kuimba. Amerudi miaka ya 1980, jambo la ajabu kidogo kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1995. Waliofurahi wamempokea kama binti aliyeondoka nyumbani kwa hasira na sasa kabisha hodi na mizigo yake. Walionuna wanasema huyu kaishiwa, kaenda kufukua makaburi. Makundi haya mawili yanagombana kuhusu alikofikia, ila yote yameshakubaliana kwamba kuna safari imefanyika. Mimi safari hiyo siioni. Ninachokisikia kwenye Vie ni rapa anayefanya kazi ambayo marapa wameifanya tangu siku ya kwanza, yaani kuingia stoo ya muziki wa wakubwa, kuchukua kinachomfaa na kukigeuza. Albamu ina kasoro zake, na nitazisema. Lakini kasoro hizo hazitaonekana tukiendelea kumuuliza mtu kwa nini ameihama nyumba ambayo hajatoka.

Tuanze na kumbukumbu, maana mjadala huu umechafuka kwa sababu ya mambo aliyoyasema mwenyewe. Amala Dlamini, maana hilo ndilo jina lake halisi, alijulikana mwaka 2018 kwa "Mooo!", wimbo wa mzaha kuhusu ng'ombe uliosambaa mtandaoni. Mwishoni mwa 2019 akatoa Hot Pink, na mwaka uliofuata "Say So" iliyomo humo ikashika namba 1 Marekani baada ya Nicki Minaj kuongezwa kwenye toleo jipya. Ile ilikuwa disko tupu, gitaa la kukwaruza na besi ya kurukaruka, na katikati yake kipande cha kuchana, yaani kurap. Mwaka 2021 ikaja Planet Her. Kisha Mei 2023 akawageuzia kibao mashabiki wake: akaandika mtandaoni kwamba albamu hizo mbili zilikuwa mtego wa hela tu, na wao wakanasa. Miezi minne baadaye akatoa Scarlet, albamu ya kuchana karibu mwanzo hadi mwisho, na dunia ikaelewa kwamba amechagua upande. Vie ilipotua na vinanda vyake vya kumetameta, nyimbo 15, mgeni mmoja tu naye ni mwimbaji SZA, na jina la Jack Antonoff likijirudia kwenye orodha ya maprodyuza, ikawa rahisi mno kusema: kumbe kauli ya 2023 ilikuwa hasira za mchana, jua limezama, kala matapishi yake.

Hoja hiyo ya hela ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo niimalize mapema. Inasema kwamba pop ndiko pesa iliko, na kwamba aliyetoka kwenye rap kwenda pop amekwenda kuvuna. Tazama chati. Wimbo wake uliofika namba 1 Marekani akiwa peke yake, bila kolabo, ni "Paint the Town Red" wa mwaka 2023, na ule ni wa kuchana. Scarlet, albamu ya "msimamo", ilianza namba 4 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Vie, albamu ya "kuvuna", ilianza namba 4 pia, na wimbo wake wa utangulizi, "Jealous Type", haukuufikia ule wa 2023. Kama hii ilikuwa biashara, basi mfanyabiashara kafunga duka lenye wateja akahamia kona isiyo na mtu. Tena kwa kuchelewa: "Blinding Lights" ya The Weeknd ilitoka Novemba 2019, Future Nostalgia ya Dua Lipa ikaja Machi 2020, na vinanda vya miaka ya 1980 vimekuwa vikipigwa kwenye pop ya Marekani na Uingereza mfululizo tangu wakati huo. Mtu mwenye njaa ya pesa hafiki sokoni saa kumi jioni. Ukweli ni kwamba kauli ya 2023 iliwapa wachambuzi kazi rahisi. Badala ya kusikiliza nyimbo, wakawa wanapima nia ya mwimbaji, na nia ya mtu haipigwi redioni.

Turudi kwenye muziki. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani iliingiza sokoni mashine ya ngoma iitwayo TR-808. Wanamuziki wengi waliidharau kwa sababu ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli, na kufikia 1983 ilikuwa imeshaacha kutengenezwa. Katika muda huo mfupi, ndani ya mwaka mmoja wa 1982, mashine hiyohiyo ilizaa vitu viwili. Kule Bronx, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force waliitumia kwenye "Planet Rock", wakaweka juu yake sauti za kinanda walizozitoa kwa Kraftwerk, kundi la Wajerumani. Na Marvin Gaye, aliyekuwa amejificha Ubelgiji akikimbia madeni na matatizo, aliitumia kwenye "Sexual Healing". Wimbo mmoja tunauita mzazi wa hip hop ya mashine, mwingine tunauweka kwenye kapu la mapenzi ya taratibu. Ngoma ni ileile. Ukimweleza mtu kwamba rapa aliyetumia sauti za wakati ule "ametoka nje ya rap", itabidi umwonyeshe mlango ulikuwa wapi, maana wakati ule chumba kilikuwa kimoja.

Na si mashine tu. Rekodi ya kwanza ya rap kupenya redio za dunia, "Rapper's Delight" ya 1979, imekaa juu ya besi ya "Good Times" ya Chic, wimbo wa disko uliokuwa bado moto mwaka huohuo. Wimbo wa kwanza wenye kuchana ndani yake kushika namba 1 Marekani ulikuwa wa bendi ya pop: "Rapture" ya Blondie, mwaka 1981. Miaka mitatu baadaye Chaka Khan aliuchukua wimbo wa Prince, "I Feel for You", akamweka rapa Melle Mel mlangoni achane jina lake, akamweka Stevie Wonder kwenye harmonika, na katikati vikapigwa vinanda vya umeme ambavyo leo ndivyo watu wanavyoviita "sauti ya themanini". Nikilazimishwa kuitafutia Vie bibi yake, nitamtaja huyo: wimbo wa pop wa kuchezeka, wenye sauti ya mwanamke juu na kinywa cha rapa ndani. Tofauti ni kwamba mwaka 1984 ilihitajika kuwaita watu wawili kufanya kazi hiyo, na Doja Cat anaifanya peke yake, pengine ndani ya ubeti mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi uko ndani ya albamu yenyewe. "AAAHH MEN!", ambao jina lake tu linachezea "amina" na "wanaume" kwa pumzi moja, umejengwa juu ya muziki wa utangulizi wa Knight Rider, ile tamthilia ya gari linaloongea iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1982 hadi 1986. (Wengine wetu tuliifahamu kupitia mikanda ya VHS iliyokwisha kukwaruzika, ambako gari lilikuwa linaongea na theluji juu yake.) Nimesoma maoni ya watu wakiuita wimbo huo ushahidi kwamba Doja Cat anaishi kwa kumbukumbu za televisheni asizozishuhudia. Sasa, Busta Rhymes aliuchukua muziki huohuo mwaka 1998 kwenye "Turn It Up/Fire It Up". Panjabi MC wa Uingereza akaufunga na bhangra, muziki wa dansi wa Kipunjabi, kwenye "Mundian To Bach Ke", na mwaka 2003 Jay-Z akaja akachana juu yake. Kufikia pale Doja Cat alipoufikia, kipande kile kilikuwa na zaidi ya robo karne ndani ya rap, muda mrefu mara nyingi kuliko miaka minne kilichokaa kwenye televisheni. Hakukitoa miaka ya 1980. Alikitoa kwa Busta.

Hapa ndipo msimamo wa wachambuzi unapojikwaa vibaya zaidi. "Paint the Town Red", uti wa mgongo wa Scarlet, umejengwa juu ya kipande cha "Walk On By", wimbo wa Burt Bacharach na Hal David ulioimbwa na Dionne Warwick mwaka 1964. Ni wa kale zaidi, kwa takriban miaka ishirini, kuliko chochote kinachoigizwa kwenye Vie. Sikuona mtu aliyeiita Scarlet albamu ya kizamani. Tena wimbo huo uliposhika namba 1 Septemba 2023, ulikuwa wa kwanza wa rap kufanya hivyo tangu "Super Freaky Girl" ya Nicki Minaj Agosti 2022, ambayo nayo imekaa juu ya "Super Freak" ya Rick James ya mwaka 1981, besi ambayo MC Hammer alishaitumia mwaka 1990. Yaani kilele cha rap ya Marekani kwa zaidi ya mwaka mmoja kilishikiliwa na wanawake wawili waliosimama juu ya nyimbo za zamani, na neno "zamani" halikutajwa. Rapa akikata kipande cha santuri ya kale akachana juu yake, tunasema ana sikio, anaheshimu mizizi. Akiipiga upya sauti ileile kwa vinanda na kuiimbia, tunasema anaigiza. Kilichobadilika ni kwamba ameimba. Umri wa sauti haukuhusika kabisa.

Hata kuhama kwa marapa wengi kutoka kukata vipande kwenda kupiga upya kuna historia ambayo haihusiani na mapenzi ya enzi fulani. Desemba 1991 jaji mmoja wa New York alimhukumu rapa Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini, akafungua hukumu yake kwa amri ya Biblia: usiibe. Tangu siku hiyo kila kipande kina bei, na kila bei ina wakili. Kupiga upya kunakwepa gharama ya rekodi yenyewe, ingawa haki za mtunzi zinabaki palepale. Halafu mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama Los Angeles likaamua kwamba "Blurred Lines" ya Robin Thicke na Pharrell Williams iliiba kutoka "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye. Fidia ya kwanza ilizidi dola milioni 7, baadaye ikapunguzwa hadi takriban milioni 5.3, na rufaa ya 2018 ikaiacha hukumu isimame. Wanamuziki wengi waliielewa hukumu ile kuwa ni kutozwa kodi kwa hisia na mwondoko. Kwa hiyo anayetengeneza albamu nzima yenye harufu ya miaka fulani anatembea kwenye njia nyembamba: asikate, maana atalipia, asifanane mno, maana ataburutwa. Mng'ao wa jumla usio na baba mmoja, ambao wachambuzi wanaulalamikia kwenye Vie, kwa sehemu nadhani unatoka huku.

Sasa niwape wapinzani haki yao, kwa sababu wana hoja moja nzito. Wanasema hivi: sawa, rap imekula ya zamani tangu kuzaliwa, lakini ilikula kwa kutafuna. Ilivunja wimbo, ikachukua sekunde nne, ikazirudia mpaka zikawa kitu kingine. Vie haivunji. Inalipanga jukwaa la 1985 na viti vyake, na ndiyo maana Doja Cat alipopanda jukwaani kwenye tuzo za MTV Septemba 2025 kuimba "Jealous Type" alitanguliwa na Kenny G mwenyewe na saksafoni yake. Huo, wanasema, ni mnada wa samani za kale, hakuna kilichotafunwa. Na wanaongeza jina la Antonoff kama kielelezo cha mwisho: mtu aliyefanya kazi na Taylor Swift, Lorde na Lana Del Rey, aliyebeba Grammy ya prodyuza bora miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, na ambaye masikioni mwao vinanda vyake vimeshakuwa sabuni ya kila nyumba.

Upande wa Antonoff hoja inachechemea. Novemba 2024 Kendrick Lamar alitoa GNX, albamu ambayo Antonoff pamoja na prodyuza mwenzake Sounwave wanatajwa kwenye karibu kila wimbo, na iliyopewa jina la gari la Buick la mwaka 1987. Ilipokelewa kama rap ya Los Angeles isiyo na maji ndani yake. Hakuna aliyesema Kendrick amerudi popote, wala kwamba vinanda vya Antonoff vimemmeza. Prodyuza yuleyule, mji uleule, gari la 1987 kwenye jalada. Lakini huyu anachana kwa uso wa kazi na yule anaimba kwa midomo yenye rangi. Siwezi kujizuia kuona kwamba tunapima nguo.

Upande wa kutafuna, hata hivyo, hoja ina meno, na hapa ndipo inabidi albamu isikilizwe wimbo kwa wimbo badala ya kuamuliwa kwa jumla. Sikiliza "Jealous Type". Ubeti wa kwanza unaimbwa kwa adabu zote za wimbo wa mapenzi wa enzi zile: mtu kasimama njia panda, hajui ipi inakwenda peponi na ipi motoni. Kiitikio kinakiri wivu kwa sauti tamu kiasi kwamba wivu wenyewe unasikika kama sifa. Kisha anaingia kuchana, na ghafla wivu una mtu, una marafiki wa kike wasioeleweka, una maswali ya kumbana mwanamume kwenye kona. Nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980, zile kubwa za redio, zilijua kulia na zilijua kusamehe. Kuhoji zilikuwa hazijui. Sauti ya kuchana ndiyo inayoleta mahakama ndani ya ukumbi wa dansi. Huko ndiko kutafuna ninakokuzungumzia, ila hakufanywi kwa mkasi wa prodyuza. Kunafanywa kwa mdomo. Na angalia majina ya nyimbo nyingine: "Couples Therapy", "Acts of Service". Mmoja unataja kikao cha wapenzi mbele ya mshauri nasaha, mwingine msamiati wa vitabu vya ushauri wa ndoa kuhusu namna watu wanavyoonyeshana upendo. Hiyo ni lugha ya wapenzi wa leo, waliosoma makala kumi kuhusu uhusiano kabla ya kugombana, ikiwa imevalishwa koti lenye mabega mapana. Mgongano wa koti na lugha ndio uhai wa albamu.

Pale mgongano unapokosekana, Vie inalala, na siuoni usingizi huo ukijadiliwa kwa namna inayofaa. Kuna sehemu, hasa baada ya katikati, ambapo anaitii enzi kupita kiasi: anaimba kama mgeni mwenye heshima, kuchana kunakuja mistari michache kama pilipili ya mapambo juu ya sahani, na ungeweza kuuondoa ubeti ule wimbo usijue. Nyimbo 15 ni nyingi kwa wazo hili. Kumi zingetosha, na tatu kati ya hizo ningependa azichane kwa ukorofi zaidi. Lakini angalia maana ya lawama hii: Vie inadhoofika pale urapa wake unapopungua ndani ya pop. Anayesema tatizo ni kwamba ameacha rap anakaribia ukweli kisha anaupita. Hajaiacha. Kwenye nyimbo nzuri ameitumia kama kisu, kwenye nyimbo za kawaida ameiweka ukutani.

Kwa nini basi wachambuzi wazoefu, watu wenye masikio, wanakimbilia hadithi ya kurudi? Sehemu ni uvivu wa kawaida wa kazi yetu. Kichwa cha habari kinataka kitenzi cha mwendo. Lakini sehemu kubwa ni rafu za dukani, na rafu hizo zina rangi na jinsia. Mwaka 2003 André 3000 wa OutKast alitoa The Love Below, nusu yake ya albamu ya pamoja na Big Boi, akiimba funk, jazz na pop ya gitaa, akichana kwa nadra. Aliitwa mwenye maono, na albamu ile ilibeba Grammy ya albamu bora ya mwaka 2004. Mwaka 2016 Childish Gambino aliacha kabisa kuchana kwenye "Awaken, My Love!", akaingia kwenye funk ya miaka ya 1970, na akaitwa msanii aliyekua. Lil Yachty alipotoa albamu yake ya roki ya ndoto mwaka 2023 alisema waziwazi kwamba anataka achukuliwe kwa uzito. Kwa wanaume, kuvuka ni kuhitimu. Sasa mtazame Nicki Minaj: Juni 2012, siku ya tamasha la Summer Jam la redio Hot 97, mtangazaji wa kituo hichohicho alisimama kwenye jukwaa dogo akamsema kwa "Starships", kwamba hiyo si hip hop ya kweli. Nicki hakupanda jukwaani siku ile. Kwa mwanamke, kuvuka ni kukimbia kambi.

Na rafu zenyewe hazina hata msimamo. Januari 2020 Tyler, the Creator alishinda Grammy ya albamu bora ya rap kwa IGOR, albamu ambayo ndani yake anaimba, au anapotosha sauti yake ili iimbe, zaidi ya anavyochana. Akiwa na tuzo mkononi alilalamika kwamba watu weusi wakivuka mipaka ya aina za muziki, wao huishia kutupwa kwenye kapu la rap au la "urban", neno ambalo alisema halipendi kwa sababu ya kile linachoficha. Karibu miaka mitatu baadaye, "Super Freaky Girl", ambayo mtu yeyote anayejua vina atakuambia ni ya kuchana, iliondolewa kwenye vipengele vya rap vya Grammy ikapelekwa pop, na Nicki akalalamika hadharani. Anayeimba apewe rap, anayechana apewe pop. Ukishaona mambo hayo mawili yakitokea chini ya paa moja, utaacha kuamini kwamba majina haya yanaelezea sauti. Yanaelezea nani anashindana na nani.

Sisi huku tuna ugonjwa huo kwa namna yetu. Kiswahili kina neno zilipendwa, na nimekuwa nikilitilia shaka kwa muda mrefu, kwa sababu ya li yake. Zilipendwa: mapenzi yalikwisha, tunafanya ziara ya makumbusho Jumapili mchana. Redio zinazipigia nyimbo hizo saa maalumu kama wagonjwa wanavyotengewa saa ya kutazamwa. Lakini mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipouchukua "Maria Salome" wa Saida Karoli, wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wenye ngoma na Kihaya cha Kagera, wakatoa "Salome", watu hawakukaa kuuliza kama wametoka Bongo Fleva au wameingia. Walicheza. Na jina la Saida Karoli likarudi midomoni mwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, alipovuma. Li ikafutika. Hatukuhitaji nadharia yoyote kulielewa hilo, kwa sababu tulilisikia kwa miguu. Cha kushangaza ni kwamba wachambuzi wetu walewale, wakifika kwa Doja Cat, wanachukua vichwa vya habari vya New York na London kama vilivyo na kutuambia "amerudi kwenye pop", kana kwamba hawajawahi kuona wimbo wa kale ukifufuka mbele ya macho yao wala kumsikia rapa wa Dar es Salaam akiimba kiitikio chake mwenyewe.

Likieleweka hili, maswali ya kuuliza yanabadilika, na si kwa Doja Cat peke yake. Rapa yeyote atakayetoka kesho na albamu ya muziki wa wazazi wake, iwe disko, iwe rumba, iwe taarabu, asihojiwe kwanza kama ni mkweli au kama amehama. Ahojiwe kuchana kwake kunaufanyia nini muziki ule ambacho wenyewe wa zamani hawakuweza kukifanya. Kwa kipimo hicho "AAAHH MEN!" na "Jealous Type" zinasimama, na nyimbo kama nne au tano za Vie zinakaa chini. Kipimo hicho ni kikali kuliko kile cha kurudi, tena hakimwachii msanii nafasi ya kujitetea kwa kusema mlinasa mtegoni.

Kwa kuwa Vie ilitoka baada ya Agosti 30, 2025, siku ambayo dirisha la kazi zinazoshindania Grammy za 2026 lilifungwa, albamu yenyewe inasubiri tuzo za 2027. Siku fulani kabla ya tuzo hizo kamati itakaa na orodha mezani, itafika kwenye "AAAHH MEN!", wimbo wa kuchana juu ya muziki wa televisheni ya 1982 ulioletwa kwenye rap na Busta Rhymes, uliomo kwenye albamu iliyojaa jina la prodyuza anayejulikana kwa pop, na itabidi mtu anyanyue mkono aseme uende rafu ipi. Ningelipa nauli kuusikia mjadala ule.